Nilitaka Kupunguza Kitambi, Nikachafua Jina la Mama Mkwe

Kosa ni langu. Hakuna shetani aliyenisukuma wala rafiki aliyenipotosha. Ni mimi mwenyewe na kitambi changu. Jina langu sitalitaja, maana wajukuu zangu wanajua kusoma.

Miaka ile mamluki wa kizungu walipojaa kwetu Komoro, nilikuwa mpagazi bandarini Moroni na mnyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe sasa! Ekseli ya lori bovu, na kila upande kopo kubwa la maziwa lililojazwa saruji. Nguvu nilikuwa nazo, sikatai. Lakini juu ya nguvu kulikuwa na mafuta, na juu ya mafuta kulikuwa na majivuno.

Siku moja ufukweni Itsandra nikamwona mmoja wa askari wale wa kizungu akitoka kuoga. Tumbo lake limegawanyika vipande vipande kama mkate uliokatwa. Watu wale tuliwachukia sote. Mimi nilimchukia kuliko wenzangu, lakini tumbo lake nililitaka!

Basi ikaja habari kwamba vijana wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, wanatuita kwao tushindane. Mimi nilikuwa na kilo tisini na moja, na katika uzito huo kulikuwa na mvuvi mmoja wa kwao ambaye hata kumtazama kulinichosha. Nikaona bora nishuke kundi la kilo themanini na mbili. Nitawafagia wote, na tumbo la mzungu nitalipata juu yake. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Mwalimu wetu, Fundi Hamadi, alikuwa mmoja wa Wakomoro waliohamishwa kutoka Madagaska. Alikuja na nguo alizovaa na ujuzi wa vyuma, basi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, wali upunguze, usiuache. Samaki kula, mayai kula, maziwa kunywa. Na chuma kizito usikiweke chini, maana hicho ndicho kinachoukumbusha mwili kwamba misuli bado ina kazi. Mafuta yataondoka polepole. Kilo tisa kwa wiki tano? Utang'oa na nyama yako mwenyewe. Ngoja mwakani."

Nikajisemea, mzee huyu ananionea wivu. Nani aliwahi kukonda kwa kula mayai?

Nikatunga sheria zangu. Asubuhi papai. Mchana maji ya limau. Jioni maji ya limau tena, nikijisikia mteule. Nilivaa koti la mvua la plastiki na kukimbia hadi Ntsoudjini kwa jua la saa sita, watu wakinipisha njia kama anavyopishwa kichaa. Vyuma nikaviacha kabisa, kwa imani kwamba chuma kinaongeza uzito. Akili hizo!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo aibu inapoanza. Kwetu kisiwani Ngazidja mwanamume anapooa ndiye anayehamia nyumbani kwa mke. Mimi nilikuwa nakaa kwa mke wangu Zahara na mama yake, Bi Mariamu. Chakula changu ndiyo heshima ya nyumba ile. Mume akinenepa, mama mkwe anatembea kifua mbele. Akikonda, mji mzima unauliza kuna nini jikoni.

Na Bi Mariamu alikuwa anapika, jamani! Samaki wa nazi, na mataba, majani ya muhogo yaliyopikwa mpaka yakalainika kama siagi. Alikuwa akiniletea sahani kwa mikono yake: "Kula, mwanangu, kazi ya bandari si mchezo." Sikuthubutu kumkatalia. Nikasema nakula uani penye upepo, na uani nikamwaga yote ng'ambo ya ukuta. Mbuzi wa jirani alinenepa kwa niaba yangu.

Wiki ya tatu mashavu yalishaingia ndani. Bangweni, uwanja wetu wa mazungumzo, wanaume wakanizunguka. "Vipi bwana, kwa mkeo siku hizi chungu hakipandi motoni?"

Ningeweza kusema ukweli kwa maneno manne. Lakini niliogopa siri ya uzito wangu isifike Mutsamudu. Kwa hiyo nikashusha pumzi ndefu, nikainamisha kichwa, nikasema, "Mambo ya ukweni, niacheni tu."

Niacheni tu! Maneno hayo mawili yamenila maisha yangu yote.

Tena nitasema lote: huruma yao ilikuwa tamu. Mmoja alinishika bega. Mwingine akasema Bi Mariamu alikuwa bahili tangu usichana. Na mimi, mwenye papai tumboni, nikazidi kuinamisha kichwa.

Habari zikamfikia mama yangu mzazi Ntsoudjini. Asubuhi moja dada yangu akaingia Moroni na sinia ya wali na kuku kichwani, imefunikwa kawa, akapita mtaa mzima hadi mlango wa ukweni. "Mama amesikia mwanawe ana njaa," akasema, na hakusema kwa sauti ndogo.

Bi Mariamu alipokea sinia ile kwa mikono miwili. Akashukuru. Akaiweka mbele yangu, akaketi akinitazama. "Mwanangu, nilikunyima nini?"

Ee Mola wangu! Hata hapo nikasingizia tumbo, ukweli nikauficha. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Mutsamudu tulivuka kwa boti, nikatapika njia nzima, na nilifurahi maana yale matapishi nayo yana uzito. Walitupima kwenye mizani ya magunia ya karafuu. Kilo themanini na moja na nusu! Nikavua shati ili tumbo lionekane. Lilionekana, na mbavu zikaonekana, na nadhani hata papai lilionekana.

Chuma cha kwanza kilikuwa cha uzito ule niliozoea kupashia mwili joto kwetu. Nikakivuta. Kikafika magotini. Kikafika kifuani kwa shida. Hapo miguu ikasahau kazi yake, na mimi nikaketi chini, pu! Chuma kikanilalia mapajani mbele ya umati.

Mwanamke mmoja wa Mutsamudu akapiga kelele, "Jamani, mpeni wali kwanza!"

Na nyuma yake, sauti ya mtu wa kwetu, ikijibu: "Mkwewe hampi!"

Uwanja mzima ukacheka. Jina la Bi Mariamu lilikuwa limevuka bahari, na mimi ndiye niliyelivusha.

Niliporudi, baada ya sala ya Ijumaa, nilisimama bangweni nikasema yote: papai, koti, mbuzi, uongo. Walicheka mpaka kofia zikawadondoka. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba radhi Bi Mariamu kwa aliyoyasema. Umbea walikuwa wameusambaza kwa wiki tatu, ukweli ukaishia palepale kama kichekesho.

Bi Mariamu mwenyewe hakunifokea. Alitoa kiti na meza barazani, upande wa barabara, akanipakulia huko, mchana na jioni, kila apitaye ahesabu vipande vya samaki. Nilikula nikitazamwa mwaka mzima. Kitambi kilirudi na ndugu zake.

Vijana wa vyuma, fuateni ya Fundi Hamadi: punguzeni taratibu, kuleni samaki, chuma msikiache. Na mkikonda, semeni kwa nini mmekonda! Msimwachie mtu mwingine abebe njaa mliyojitafutia wenyewe.

Bi Mariamu alinipikia miaka kumi na minne zaidi, hakuna siku chakula kilipopungua. Ila hakuniita tena mwanangu. Mpaka anafariki, kila nilipomaliza sahani, alimuuliza Zahara mbele yangu, kwa upole kabisa: "Mgeni ameshiba?"