Wimbo wa Mlango wa Kijani

Mtaa mzima wa Ngokolo ulimjua Jilala Bujiku kwa mambo mawili. La kwanza halikuwa kubwa: alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mzee Velji, akishona sare za shule na kupunguza suruali za marehemu kwa ajili ya warithi. La pili ndilo lililompa jina. Jilala alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa kundi la Wagika, na kila Wagika walipopambana na Wagalu baada ya kuuza pamba, watu walitoka hata Kahama kuja kumsikia akimvua nguo manju wa upande wa pili.

Ndivyo yalivyo mashindano ya Wasukuma tangu enzi za mababu. Ngoma mbili hupigwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na hakuna mwamuzi. Anayevuta watu wengi kwenye duara lake ndiye mshindi. Kumsema mpinzani kwa jina ni halali, na aliyesemwa hana ruhusa ya kununa. Atajibu kwa wimbo mwakani. Akinuna, ameshindwa mara mbili.

Mwaka 1994 akaja Davis Mihayo, kijana wa mradi wa afya, na pikapu yenye vipaza sauti. Mradi wake ulikuwa umegundua, baada ya semina nyingi na chai nyingi zaidi, kwamba watu hawasomi mabango, ila ngoma wanaifuata. Basi mamanju wapewe ujumbe, ujumbe uwafikie wananchi, wananchi waende zahanati. Lilikuwa wazo zuri, na hata leo ukilisikia huwezi kulipinga.

Zahanati yenyewe ilikuwa na chumba cha mwisho chenye mlango wa kijani. Humo watu walipewa ushauri wa UKIMWI, na humo humo walitibiwa wagonjwa wa kifua kikuu, maana chumba kilikuwa kimoja na muuguzi mmoja, Nesi Ghati.

"Mzee Jilala," Davis alisema, akimkabidhi karatasi yenye mambo sita, "waimbie tu waje mlango wa kijani."

Jilala akayatunga yote sita, kwa mpangilio, kama mtoto wa shule anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Siku ya mashindano alipofika ubeti wa tatu, akaona migongo. Watu walikuwa wanahamia kwa Maganga, manju wa Wagalu, aliyekuwa amekuja na sanamu ya mbao inayokata kiuno kwa kamba. Jilala hakuwahi kuachwa hivyo tangu aanze kuimba. Damu ikamchemka.

Ulimi hauna mfupa. Jumanne iliyotangulia alikuwa amepeleka sare za manesi zahanati, na huko alimwona Maganga. Akaitupa ile karatasi akaimba:

"Maganga nimemwona mlango wa kijani,
kaingia ananyata, katoka na bahasha.
Mama watoto wake, pole, mayu, pole, mama,
kitanda chako sasa kilalie peke yako."

Uwanja ulilipuka. Watu walimwacha Maganga na sanamu yake, wakaja mbio, wengine wakianguka kwa kicheko. Davis alikuwa juu ya pikapu, anahesabu vichwa na kuandika. Watu elfu tatu! Jina la huduma limefika! Hakuuliza limefika vipi. Wimbo ukarekodiwa kwenye kaseti, pikapu ikaupeleka Kahama, ikaupeleka Runzewe, ikauingiza kwenye makambi ya wachimbaji dhahabu huko Geita, na kila ulikopita watu walicheza mpaka vumbi likawameza.

Mwaka uliofuata Maganga hakujibu. Aliacha ngoma kabisa. Wagika wakasema kanuna, kashindwa mara mbili.

Siku moja Nesi Ghati alikuja barazani, akasimama mbele ya cherehani bila kukaa.

"Mzee Jilala, shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Umeleta nguo gani?"

"Sina nguo. Zamani kwa mwezi nilipata wagonjwa wapya kumi na wanne. Mwezi huu wawili, tena wamepitia dirishani. Anayekohoa tu anaimbiwa. Watu wanafia ndani kwa kuogopa wimbo wako."

Jilala akacheka, mguu uko kwenye cherehani. "Ngoma ni ngoma, Nesi. Wagika na Wagalu hatuuani."

Mwaka 1996 akarudi Asteria, bintiye. Alikuwa mama lishe Runzewe, akiwapikia wachimbaji ugali na maharage, na kila kaseti ile ilipopigwa alikuwa akijigamba kwamba anayeimba ni baba yake. Sasa alishuka basi akikohoa, amekonda mpaka mamaye, Scolastika, alimpita stendi bila kumtambua.

Nesi Ghati alikuja nyumbani na kikopo, akachukua makohozi. Siku ya tatu akaleta majibu: kifua kikuu.

"Kinapona, Baba Asteria. Kinapona kabisa. Miezi miwili ya mwanzo kila asubuhi aje apigwe sindano na ameze vidonge mbele yangu. Sita iliyobaki atachukua vidonge mara moja kwa mwezi."

"Mletee hapa nyumbani."

"Kanuni hairuhusu. Na niko peke yangu, nikitoka nani atabaki na wengine?"

Asteria alikuwa amelala mkekani, uso ukutani. "Niingie mlango ule, Baba?" akauliza. "Ule wako?"

Jilala alijaribu kuzoa maji yaliyomwagika. Kwenye mashindano ya mwaka ule alikuja na wimbo mpya, wa kumsifu anayeingia mlango wa kijani kuwa ndiye mwanamume, ndiye mwanamke. Watu walipiga kelele wakitaka ule wa zamani. Davis akamnong'oneza, "Mzee, imba ule wa zamani, leo wafadhili wapo." Jilala akashikilia mpya. Alipomaliza, watu wote walikuwa wamehamia kwa manju mpya wa Wagalu, na duara lake lilikuwa na wapiga ngoma wake tu na mbwa mmoja.

Kesho yake akampakia Asteria kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka zahanati. Kina mama wa kliniki walikuwa wamekaa barazani na watoto wao, labda thelathini. Mmoja, pengine bila ubaya wowote, akaanza kuimba wimbo ule polepole akimbembeleza mtoto. Wengine wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika.

Asteria akamshika baba yake shati. "Turudi, Baba."

Zilibaki hatua ishirini. Angeweza kumbeba. Angeweza kuwafokea wale wanawake, maana sauti Mungu alimpa. Lakini Jilala, aliyesimama mbele ya watu elfu tatu, aliona aibu mbele ya thelathini. Akageuza baiskeli, akajiambia watakuja kesho, kabla watu hawajaamka.

Haikuwapo kesho ya namna hiyo. Asteria alikataa, na baba yake hakumlazimisha, wakamzika Septemba.

Maganga alikuja msibani na jembe lake. Alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine, mwili umejaa, pumzi haimkatiki. Baada ya maziko wakajikuta wawili kwenye beseni la kunawia.

"Pole, Jilala."

"Nimeshapoa, ndugu yangu."

"Siku ile uliyoniona nilikuwa nimeanza dawa za kifua. Miezi miwili nimeingia mlango ule kila asubuhi, watoto wa mtaani wakinifuata nyuma wakiimba wimbo wako. Nilikuwa naisikia sauti yako kwenye midomo yao. Lakini nilipona."

Jilala alibaki na mikono ndani ya maji.

"Mbona hukunijibu? Wewe ni manju. Ungeimba tu kwamba ni kifua, kwamba kinapona. Asteria angesikia."

Maganga akajifutia mikono kwenye suruali, akaliokota jembe lake.

"Niliimba, Jilala. Uwanjani palepale, siku ileile. Lakini watu wote walikuwa kwako."