Saa Niliyochaguliwa na Mwenye Gambuti

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Jambo hili limenipata mimi mwenyewe, hapa hapa Mazwi, Sumbawanga, nikiwa na akili zangu timamu. Mlevi sijawahi kuwa. Kwenda kilabuni kunataka kutembea. Na hasira niliyo nayo mpaka leo si ya kutunga.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu, nikimaliza naingia ndani, basi. Mke wangu, Mama Agata, huwaambia watu kwamba siku mumewe akifika barabarani, mvua itanyesha ya mawe. Lakini nilianza kuamka nimechoka kama punda wa mnada. Mgongo unawaka, miguu mizito, na viganjani, niamini, nina sugu. Sugu! Mtu anayeshika sindano na chaki! Zahanati wakanipima, hawakuona kitu. Wakasema mwili umelala mno, nifanye mazoezi. Mama Agata akacheka mpaka akakaa chini. "Baba Agata, yaani umechoshwa na kukaa!"

Ndipo nikaenda kununua saa ya mazoezi, nikidhani labda saa itanisuta vizuri kuliko mke.

Zuhura, mwenye duka la simu na saa karibu na soko, akanipangia tatu mezani. "Shemeji, kwanza niambie unafanya mazoezi gani, maana kila saa na kazi yake. Hii ni ya kuogelea, haiingii maji."

"Niogelee wapi? Ziwa Rukwa, na mamba wale?"

"Haya, hii ya waendesha baiskeli. Inasoma mapigo ya moyo, inachora ramani ya kila ulikopita."

"Baiskeli yangu wanalala kuku."

"Basi chukua hii ya bei ndogo, inahesabu hatua tu. Kwa ninavyokujua, hata betri haitaisha."

Nilikuwa nimeshaipenda hiyo. Mara nikasikia nyuma yangu, "Asichukue hiyo."

Mzee mfupi, koti safi, miguuni gambuti zenye udongo mbichi, na nje jua kali. Sikumwona akiingia. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Alinishika mkono wa kushoto, akageuza kiganja, akapapasa sugu zangu taratibu, kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe. "Huyu mpe hiyo ya ramani na mapigo ya moyo," akamwambia Zuhura. "Isiyoogopa umande." Kisha akanigeukia mimi: "Na ukilala usiivue." Akatoka.

Umande? Mimi na umande tulikutana wapi? Swali hilo ningeliuliza pale pale, leo ningekuwa nashona suruali za watu kwa amani. Lakini mtu akikuchagulia kitu kwa uhakika namna ile, si unaona anajua? Nikalipa.

Simu yangu ni kitochi, kwa hiyo saa tuliiunganisha na ya Mama Agata. Haikupita wiki, asubuhi moja akanirushia simu kitandani. Saa ilikuwa imeandika mazoezi ya usiku kucha, moyo ukidunda kama wa mkimbiza mwizi. Kwenye ramani, mstari unatoka mlangoni kwetu, unafuata barabara ya Kasesya, halafu unakata kuingia mashambani.

"Ni nani huyo wa huko?" Hakuwa anatania tena. "Useme leo, au mimi na mwanangu tunarudi kwa mama."

"Mwanamke? Na mgongo huu?"

Akaikuza ramani kwa vidole, atafute nyumba ya huyo mwanamke. Hakuiona. Mwisho wa mstari kulijaa viduara, safu kwa safu. Mama Agata amekulia shambani. Akasema kwa sauti ndogo, "Hizi ni ntumba."

Mfipa hahitaji kuelezwa. Wewe wa mbali, ntumba ni vile vilima vya mviringo tunavyofukia majani ndani yake yaoze, ndipo tupande. Kazi ya kuvunja kiuno. Ndiyo iliyonikimbizia kwenye cherehani!

Tulikwenda mchana ule ule kwa bodaboda, simu mkononi mwa Mama Agata. Shamba tulilikuta. Ntumba mpya, zimelingana kama vifungo vya shati. Fundi ni fundi tu, nilijisifu kidogo. Jembe lilikuwa limelala pale. Nilipolishika, sugu zangu zikaingia kwenye mpini kama mguu kwenye kiatu chake.

Mzee alikuwa amekaa kando. "Leo umekuja mchana," akasema.

"Wewe ndiye unayenilimisha usiku?"

"Saa inasema moyo wako mzuri. Wa kabla yako sikuwa na cha kumpimia, nikamzidishia, akafa. Wewe ukizidiwa nakupumzisha. Mimi si katili."

Umesikia? Si katili! Na saa nimenunua mimi! Hata ng'ombe wa kulimia hanunui kamba yake mwenyewe. Nikainua jembe, na niamini, ningempasua. Mama Agata akapiga yowe, nikageuka kumtazama. Niliporudisha macho, palikuwa na gambuti mbili tupu, zimesimama wima. Nikatia mkono ndani. Zilikuwa bado na joto.

Saa niliipondaponda kwa jembe lile lile. Mama Agata hakuondoka. Lakini tangu siku hiyo usiku silali. Nashona mpaka kunakucha, kwa sababu aliye macho hachukuliki. Nalala mchana. Sugu zimekwisha. Na majirani je? Mtu anayewasha taa usiku kucha na kukoroma mchana wanamwitaje? Wameanza kuninong'ona kuwa mchawi. Mimi, niliyelimishwa bure!

Juzi Zuhura kaniambia yule mzee alirudi dukani, akamchagulia saa mwalimu mmoja mgeni. Nikamfuata huyo mwalimu kumwonya. Akanicheka usoni. "Ninyi watu wa Sumbawanga bwana, kila kitu uchawi!" Huku anacheka, huku anajikuna kiganja.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kununua saa, iwe ya kuogelea, ya baiskeli au ya kutembea, chagua mwenyewe, kwa kazi unayoijua. Akitokea mtu wa kukuchagulia, mwamkie kwanza. Asipoitikia, iache saa mezani, rudi nyumbani ukalale.

Hapana. Usilale.