Waraka wa Dirisha la Tatu

Mama yangu ana cherehani ya mkono iliyogoma, ambayo imekaa miezi minane sasa chini ya kitambaa, na kila Jumamosi ananiuliza kwa nini siipeleki kwa Fundi. Namwambia Fundi amesafiri. Ni kweli alisafiri, ila alirudi zamani. Nikishuka kwenye basi naiona taa ya karakana yake inawaka, na huwa navuka barabara nipite upande wa pili. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nakimbia kama mwizi wa kuku, na ninayemkimbia ni mzee asiyeweza hata kunyanyua sauti.

Basi niseme ilivyokuwa, maana kwa mama nimeshindwa.

Nilikuwa karani wa dirisha la tatu katika ofisi ya vibali vya wageni kwa miaka kumi na miwili. Kioo cha dirisha lile kina tundu la kuongelea lililokatwa chini mno. Zamani palikuwa na viti upande wa wateja; viti vikavunjika kimoja kimoja, tundu likabaki pale pale. Kwa hiyo kila anayekuja kuomba kitu lazima ainame kwanza, na watu wakishainama wanakuita mheshimiwa. Mheshimiwa naomba, mheshimiwa nisaidie, hata kama mheshimiwa mwenyewe ana makombo ya mkate kwenye blauzi. Fundi peke yake alikuwa ananiita mwanangu.

Alikuja nchi hii akiwa na miaka ishirini na minne, na mfuko wa bisibisi, kumfuata mjomba wake aliyemwambia kuna kiwanda cha nguo kinatafuta mafundi. Safari hiyo mjomba hakuwa ametia chumvi, kiwanda kilikuwepo. Fundi alizihudumia cherehani za kiwanda kile kwa miaka kumi na tisa, na kilipofungwa, badala ya kiinua mgongo wakampa mashine tatu mbovu. Akazibeba mpaka kwenye chumba kilicho chini ya ngazi za jengo moja, mtaa wa mafundi nguo. Akazifufua mbili akaziuza, ya tatu akaigeuza vipuri. Chumba chenyewe ukisimama wima unagonga ngazi kwa kichwa, na wateja wake wote wanajua kuingia wameinama. Alikuwa akinitania kwamba kati yetu wawili hajui nani kamuiga mwenzake.

Mtaa mzima unamtegemea. Mashine ikianza kuruka nyuzi wanampelekea, naye hagusi bisibisi kwanza. Anazungusha gurudumu taratibu, sikio karibu na chuma, kisha anakwambia tatizo liko wapi kabla hajafungua kitu. Mke alioa hapa hapa, akamzika hapa hapa. Ana binti mmoja anayefua mashuka hospitalini, na wajukuu wawili wanaolala chumbani kwake na kumpiga mateke usiku kucha. Vituko vya mateke hayo nilikuwa nahadithiwa kila mwezi wa kwanza wa mwaka, alipokuja kukata kibali chake cha mwaka.

Lakini aliyekuwa moyoni mwake ni dada yake, kule alikotoka. Dada alimpita miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa anashona sare za shule. Fundi akiwa na miaka tisa aliifungua cherehani ya dada yake yote, kipande kwa kipande, aone uzi unapita wapi. Akairudisha, mashine ikafanya kazi, ila mkononi imebaki skrubu moja. Akaificha kwa kuogopa kichapo, na akaja nayo mpaka huku. Alipomweleza dada yake ukweli, kwa simu, wote wawili watu wazima wenye mvi, dada alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo kila wakizungumza lazima aulize: "Skrubu yangu unaileta lini?"

Swali lilikuwa la mzaha, jibu ndilo lililokuwa gumu. Kibali cha mwaka kina sharti moja: ukitoka nje ya nchi, kimekufa. Kurudi ni kuanza upya kama mgeni wa jana, na mzee wa umri ule nani atampa. Mwenye ukaazi wa kudumu ndiye anayetoka na kurudi apendavyo. Ada ya kuomba ukaazi huo ilikuwa mshahara wangu wa miezi minne. Wangu mimi, mwajiriwa, sembuse wake yeye. Alikuwa anaweka akiba, kibali cha mwaka kinaila, anaanza tena, na akikaribia wanaipandisha ada.

Kisha ukaja waraka, mwezi wa kumi. Ukurasa mmoja, mihuri miwili. Ulisema mgeni aliyetimiza miaka sitini, na aliyeishi nchini kihalali miaka ishirini na mitano, asitozwe ada yoyote akiomba ukaazi wa kudumu. Ungedhani aliyeuandika alikuwa anamfahamu Fundi.

Mkuu wetu wa kitengo tulimwita Kanuni, kwa sababu hata kusalimia hawezi bila kutaja kifungu. Alitukusanya asubuhi, akausoma mbio mbio, kisha akatuambia, "Hakuna kubandika ukutani. Tuna lengo la makusanyo hapa. Akiuliza, mwambie. Asipouliza, mhudumie alichokuja nacho."

Nikauweka waraka kwenye droo, chini ya boksi la pini. Laiti ningeweza kusema roho ilinisuta palepale. Haikunisuta. Niliona ni kazi, na kazi ina mwenyewe.

Mwezi wa kwanza Fundi akaja. Akainama kwenye tundu, akanisalimia, akauliza, "Mwanangu, ile ada ya kudumu bado ni ile ile?"

Kanuni alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Imepanda, mzee."

"Kiasi gani?"

Nikamtajia. Sikusema uongo hata neno moja. Aliuliza ada, nikamjibu ada. Akacheka kidogo, akasema ada hiyo ina mbio kuliko yeye. Akalipa kibali cha mwaka. Wakati nagonga mhuri akaniambia macho ya dada yake yameanza kusumbua, lakini uzi bado anautunga mwenyewe kwenye sindano, hataki kusaidiwa. Nikamwambia tumshukuru Mungu. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu.

Katikati ya mwaka ule cherehani ya mama ikagoma, nikaipeleka kwake. Akaiwekea sikio, akazungusha gurudumu. "Mama yako anashona akiwa na hasira," akasema. "Mwambie mashine haijamkosea kitu." Akaifungua, akasafisha, akatia mafuta, akabadilisha sindano. Nilipotoa pochi akanizuia mkono.

"Weka hiyo. Mwanangu nimtoze?"

Neno lile lilinichoma. Asitozwe, ulisema waraka uliokuwa drooni kwangu. Nikaona sasa ndiyo saa yake. Hapa hakuna Kanuni, hakuna foleni, ni mimi na yeye chini ya ngazi.

"Mzee," nikamwambia.

"Naam."

Alinitazama akisubiri, mikono imejaa mafuta. Nikasema, "Mama atafurahi sana." Nikaibeba cherehani nikaondoka. Nilipofika kona niliiweka chini, nikasimama. Nilisema nitarudi. Nikaibeba tena, nikaenda nyumbani.

Mwezi wa kwanza uliofuata Kanuni alikuwa likizo. Sina hata pa kujifichia katika hilo. Fundi akauliza ada, nikamtajia ada, akalipa mwaka mwingine. Mwaka wa tatu akaja akaniambia dada haoni kabisa sasa, ila bado anauliza skrubu yake, na akiipata anataka kuipapasa kwa vidole ajue kama ni yenyewe. Nilikuwa nimeshashika mpini wa droo. Nikauachia. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa sababu ya Kanuni. Mwaka wa tatu nilinyamaza kwa sababu ya mwaka wa kwanza na wa pili. Ningemweleza nini? Kwamba zile pesa alizolipa hakupaswa kuzilipa, na mimi nilikuwa nazipokea huku najua? Kila nilivyozidi kukaa kimya ndivyo kimya kilivyozidi kuwa changu, wala si cha Kanuni tena. Nilikuwa naogopa aibu, hilo tu. Mzee wa watu anakosa kumwona dada yake, mimi nalinda sura yangu.

Mwaka ule ule, mwezi wa tano, nikamwona kwenye foleni. Haukuwa mwezi wake. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika bahasha nene ya kaki. Akainama.

"Mwanangu, leo nimekuja na ile kubwa. Ada nzima." Akaisukuma bahasha kwenye tundu. "Mafundi wa mtaani wamenichangia, na binti yangu amefanya kazi zamu mbili mbili. Dada amelazwa. Amesema nisichelewe."

Niliitazama bahasha. Juu yake mtu alikuwa ameandika majina ya waliochanga kwa chaki ya kuchorea nguo. Nikairudisha bahasha upande wake.

"Rudisha pesa za watu, mzee. Kuna sheria mpya."

"Mpya?"

"Mpya. Wenye umri wako hawalipi."

Ndiyo, nilimdanganya. Hata siku ya kusema kweli nilitafuta mlango wa nyuma. Akanyooka, akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Mnamwona huyu?" akawaambia. "Huyu ni mtoto wangu. Amenipunguzia mzigo." Mama mmoja akapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alipoondoka nikauchomoa waraka drooni, nikaubandika kwa gundi kwenye kioo, chini kabisa, ubavuni mwa tundu, ili kila anayeinama ausome apende asipende. Kanuni akaja kuniuliza nani kaniruhusu. Nikamwambia atafute kifungu. Barua ya kunihamishia masijala ikaandikwa kabla ya saa kumi, nianze tarehe mosi ya mwezi wa saba. Msinipongeze. Ushujaa wa kuchelewa hivyo unamsaidia nani.

Faili la Fundi nililibeba mwenyewe, chumba hadi chumba. Nilimsubiri mkubwa anayetia saini mlangoni mpaka akatoka kula, nikamfuata ngazi nzima na kalamu mkononi. Kwa kawaida kadi huchukua miezi miwili. Ya kwake ilitoka siku ya kumi na saba. Nilipoishika nilifurahi kwa muda wa kunywa maji tu, kisha nikaanza kuhesabu. Miaka miwili na miezi saba drooni, kwa kazi ya siku kumi na saba.

Nikampigia simu aje. Akaja asubuhi, shati lile lile, sasa limekunjamana.

"Dada anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Tumemzika juzi." Akatikisa kichwa. "Yaani wamemzika. Mimi nilikuwa hapa."

Sikumbuki nilimpa pole ya namna gani. Nikaisukuma kadi kwenye tundu. Hakuichukua. Alikuwa ameinama, na macho yake yalikuwa pembeni mwa tundu, kwenye karatasi yangu. Akatoa ile lenzi anayosomea namba zilizochorwa kwenye mashine. Akausoma waraka wote kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka kwenye mihuri. Kisha kidole kikapanda tena juu, kwenye tarehe, kikatulia.

Tarehe. Nilikuwa nimeubandika kwa mikono yangu, na tarehe sikuifikiria.

"Mwezi wa kumi," akasema. "Lakini si wa mwaka jana. Wala wa mwaka juzi."

"Hapana, mzee."

"Na wewe ulikuwa dirisha hili hili."

"Ndiyo."

Nilisubiri aniulize kwa nini. Nilikuwa na Kanuni tayari mdomoni, nilikuwa na lengo la makusanyo, nilikuwa na watoto wawili na mshahara mmoja. Nilikuwa hata na machozi. Hakuuliza.

"Mwaka huu ulioandikwa hapa," akasema taratibu, kidole bado kiko kwenye kioo, "dada yangu alikuwa bado anatunga uzi mwenyewe."

Akachukua kadi. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua, ndani yake mlikuwa na skrubu ndogo nyeusi. Akaiweka kadi juu yake, akakunja leso upya, akairudisha mfukoni na kufunga kifungo. Alikuwa amekwisha kunyooka kwenda zake. Kisha akainama tena, pole pole, akishika mgongo, mpaka mdomo wake ukafika kwenye tundu.

"Ahsante, mheshimiwa," akasema.