Vichwa vya Bitiruti

Shemeji yangu ni fundi wa funguo. Mtaani wanamwita Kufuli, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake. Anaweza kukaa kibandani asubuhi mpaka jioni, tupa mkononi, akachonga funguo za watu na asiseme zaidi ya "Karibu" na "Ukikwama rudi." Dada yangu aliolewa naye akijua. Mimi na shemeji tunaweza kumaliza birika zima la chai bila kusumbuana.

Dada ndiye mwenye maneno, na ndiye mwenye bustani. Nyuma ya nyumba yao, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, ana tuta moja refu la bitiruti za njano. Mbegu alipewa na mwenzake wa kazini. Hizi si zile nyekundu zinazomwacha mpishi na mikono kama ametoka kuchinja. Ukizikata, ndani ni njano kama kiini cha yai, na utamu wake ni wa taratibu, hauna ile ladha ya udongo. Aliwahi kumpelekea mama yetu kopo moja, mama akala mpaka akalifuta kopo kwa kidole.

Mwaka huu mama aliugua. Dada akafunga safari kwenda kumuuguza, akamwachia mumewe nyumba na tuta. Aliyoagiza ni machache: maji kila jioni, magugu yang'olewe, na zikikaribia kukomaa ang'oe moja ya pembeni aijaribu. Siku alipompa maelekezo kwenye simu nilikuwapo. Spika ilikuwa imewashwa kwa sababu shemeji alikuwa anafua.

"Moja tu," dada akasema. "Usiimenye. Ichemshe na ganda lake. Ichome kwa uma, ukipita bila ubishi, imeiva. Halafu lisugue ganda kwa kidole gumba litoke."

"Halafu?"

"Halafu unakula, bwana! Au nije nikutafunie?"

Shemeji hakuwahi kupika. Si kwa kiburi. Alitoka jikoni kwa mama yake akaingia jikoni kwa dada, katikati hapakuwa na nafasi. Wiki zile alikuwa anaishi kwa mkate na chai. Basi akaichemsha ile moja, akaichoma, uma ukapita. Ganda likavuka kama soksi. Akaikata vipande, akakaanga kitunguu, akatia chumvi na ndimu, akaketi peke yake mezani. Aliniambia baadaye kwamba alipomaliza aligeuka kutazama mlango wa jikoni, kana kwamba aliyepika angetokea ili ashukuriwe.

Kesho yake akang'oa nyingine.

Tatizo likawa pengo. Mtu anayeishi kwa kuchonga meno ya funguo havumilii safu yenye pengo. Akakata kichwa cha bitiruti pamoja na majani yake, akabakiza unene wa kidole chini, akakirudisha shimoni na kukishindilia udongo. Siku hiyo hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Lakini vichwa vile havikufa. Alivimwagilia, vikatoa majani mapya yanayong'aa, na tuta likazidi kupendeza kadiri lilivyozidi kuwa tupu. Hapo moyo ukaanza kumsuta. Alikuwa akitoka na ndoo ya maji huku ameinamisha kichwa, kama anayepita mbele ya mtu anayemdai. Na jioni bado alikula.

Nami nilikula. Nilipita siku moja akanipakulia, nikasifu, nikaongezwa. Sikuuliza zimetoka wapi.

Halafu dada akapiga simu. "Jumamosi namleta mama akae kwetu. Ameruhusiwa, lakini chakula hataki. Uji anausukuma, mchuzi anausukuma. Jana ndiyo mara ya kwanza kutaja chakula kwa mdomo wake. Anataka bitiruti zangu za njano. Zikoje?"

Shemeji akasema, "Majani yamesimama vizuri."

Ulikuwa ukweli mtupu, na ndiyo maana alikata simu haraka. Akafunga kibanda mapema, akaja kunieleza yote, tukaenda sokoni wote wawili. Tulizunguka kila meza ya mboga. Nyekundu zilikuwa marundo kwa marundo.

"Za njano?" mama mmoja muuzaji akatucheka. "Baba, wewe unatafuta bitiruti au unatafuta embe?"

Mwenzake akadakia, "Mpe nyekundu akazifue!"

Njiani nikamwambia, "Mwambie dada tu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akifika."

Walifika Jumamosi mchana. Mama alikuwa amepungua hata viatu vilimpwaya. Shemeji alibeba mizigo, akaleta kiti cha plastiki, akaleta mto, akaleta maji, akaleta mto mwingine. Kumwambia hakumwambia. Dada hakuvua hata kitambaa cha safari. Alimketisha mama mlango wa nyuma ili aone, akaingia bustanini akishangilia.

"Mama, tazama majani haya! Mume wangu, kumbe una mkono!"

Akashika shina, akavuta kwa nguvu, akaenda kinyumenyume mpaka kwenye kamba ya nguo. Mkononi alikuwa na majani na kifuniko kidogo cha njano. Akang'oa cha pili, kikatoka vilevile. Cha tatu pia.

"Fuko!" akapiga kelele. "Fuko wamenimaliza! Wamekula chini wakaacha juu!"

Akaanza kuwalaani fuko na ukoo wao. Jirani akachungulia ukutani, akasema ana mtego, atauleta. Nilimtazama shemeji. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yake, na hakuhitaji kusema lolote, jambo analoliweza kuliko watu wote.

Mama akanyoosha mkono. "Hebu nipe kimoja."

Akakigeuza, akapitisha kidole chini yake. Palikuwa pamekatwa sawasawa, bapa, kazi ya mtu anayejua kupiga tupa.

"Fuko huyu ana kisu," mama akasema.

Jirani akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka, akashuka ukutani.

"Ni mimi, mama," shemeji akasema. "Nilikuwa nakula. Sikujua kama utazitaka. Halafu nikajua, nikanyamaza."

Dada, mtu mwenye maneno yote yale, aliviangusha chini vichwa vilivyobaki mkononi. Aliingia ndani akafunga mlango wa chumbani.

Nikafungua mdomo. "Na mimi nilikula," nikasema. Mama hakugeuka hata kunitazama.

Mwisho wa tuta zilikuwapo chache zilizochelewa kuota, kila moja ukubwa wa ndimu. Shemeji alizing'oa zote. Akazichemsha, akazichoma uma, akazivua ganda kwa kidole gumba, akapika kama alivyoagizwa. Akamwekea mama mapajani sahani ndogo.

Mama alionja. Akatafuna polepole. Akachukua kipande kingine, na kingine, na dada, aliyekuwa amefungua mlango kidogo, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama akamaliza sahani. Akaifuta kwa kidole. Akainyoosha kwa shemeji.

"Niongeze, mwanangu."

Shemeji akasimama na sufuria mkononi. Ndani mlikuwa na maji ya njano.

"Zimekwisha, mama."

"Zote?"

"Zote."

Mama akaitazama sahani, akairudisha mapajani. Jioni aliletewa uji, akausukuma.

Shemeji amepanda upya tuta zima. Kibanda anakifunga mapema, anapika: maboga, karoti, viazi vitamu, kila kinachofanana rangi. Anampelekea mama mwenyewe, anasimama pembeni kungoja. Mama anaonja vijiko vichache, anarudisha sahani. "Si kama zile," anasema, bila ubaya wowote, na hilo ndilo linalomtoa shemeji nje na ndoo yake hata udongo ukiwa bado mbichi.

Jana nilimkuta amechuchumaa tutani.

"We Fuko," mama akaita kutoka kwenye kiti chake, "zimeota?"

"Bado, mama."

"Basi mwagilia."

Akamwagilia.