Mama, Grisi na Kutu ya Ziwani

Juzi fundi alikuja kurekebisha geti letu. Alizilowesha bawaba kwa mafuta ya taa, akazifuta zikakauka, kisha akachota grisi kwa kidole na kuzipaka. Harufu ya vitu vile viwili ikaingia mpaka sebuleni, nami nikaacha nilichokuwa nakifanya, nikabaki nimesimama mlangoni. Kwa watu wengi ile ni harufu ya gereji. Kwangu ni harufu ya mama yangu, miaka ile tulipoishi Kirumba, Mwanza, yeye akiwa mlinzi mwenye bunduki.

Msishangae. Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo tangu kabla sijazaliwa. Ilipofika miaka ya tisini wafanyakazi wakaanza kupunguzwa, na siku moja naye akarudi nyumbani mchana, vitu vyake vyote vikiwa ndani ya mfuko wa rambo. Baba alikuwa fundi cherehani, alishonea barazani kwetu, lakini mitumba ilikuwa imejaa mjini na watu walikuwa wameacha kushonesha. Wakati huohuo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa, na vilihitaji walinzi. Mama alipitia Jeshi la Kujenga Taifa katika usichana wake, bunduki aliijua. Akaenda kuomba kazi. Walinzi wa langoni wakacheka, naye akasimama palepale mpaka walipochoka kucheka. Akapewa magwanda ya mwanamume, Baba akayapunguza kiunoni.

Akapewa pia bunduki kuukuu ya marisau, yenye mitutu miwili, iliyoachwa na mlinzi aliyehama. Haikuwahi kuja nyumbani. Ilifungiwa stoo ya kampuni, na mimi sikuwahi kuigusa hata kwa ncha ya kidole. Lakini habari zake nilizijua kama habari za mdogo wangu. Lindo la Mama lilikuwa gatini, samaki wanaposhushwa. Ukungu wa ziwa asubuhi, barafu inayoyeyuka, maji ya kuoshea makreti, vyote viliirukia. Kutu ilikuwa imeshaanza kuila.

Kila Jumamosi mkuu wao, Afande Marwa, alikagua silaha. Alikuwa na kitambaa cheupe alichokipitisha ndani ya mtutu kwa kijiti, kisha akakinyanyua juani kila mtu akione. Mafuta kampuni haikutoa. Kila mlinzi alijitafutia yake: huyu mafuta ya kupikia, yule oili chafu ya gari, na kila mmoja aliapa kwamba yake ndiyo kiboko ya kutu. Mama alitumia mafuta ya cherehani ya Baba. Jumamosi moja kitambaa kikatoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Mama Minza," Afande Marwa akamwambia mbele ya wenzake, "mwisho wa mwezi nikiona hii tena, utarudisha magwanda."

Alipofika nyumbani hakulia. Alikunywa uji amesimama, akaosha kikombe, akaniambia, "Minza, kuanzia kesho hatubahatishi tena."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilimfuata kila alikokwenda. Kwa fundi wa kuchomelea aliokota vipande vya chuma, tukavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa. Mwaloni, kwenye soko la samaki, aliomba mafuta ya sangara. Gereji wakampa oili chafu kwenye kopo. Mwisho tukashuka Nyamagana, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo Mwanza na aliyewasalimia wateja wake kwa Kisukuma.

"Unataka ya kulainisha au ya kuzuia kutu?" mzee akauliza.

"Si mafuta ni mafuta tu, mzee wangu?"

"Hapana, mama. Mepesi yanaingia kwenye viungo vizuri, lakini hayakai. Mazito yanakaa, ila uyaweke kwenye viungo yatakamata vumbi mpaka kitu kigome."

"Basi nipimie kidogo ya kila aina. Nitaangalia mwenyewe."

Tulipofika nyumbani mimi nikawa nampa kipande kimoja kimoja, yeye anapaka. Kila kimoja alikifunga uzi wa rangi yake, uzi wa Baba, ili tusichanganye. Kisha tukavitundika kwenye kamba tuliyofunga kati ya vigingi viwili ufukweni, karibu na mawe ya kufulia, mahali upepo wa ziwa ulipopiga moja kwa moja. Cherehani ya Baba ikaanza kulia kwa kukosa mafuta, lakini yeye alikanyaga tu akasema inaimba.

Hatukuwa tumefikiria majirani. Vyuma vinavyong'aa, vimepakwa mafuta, vinaning'inia kwa nyuzi nyekundu na nyeusi mahali watu wanachota maji! Mama Kulwa, ambaye mtoto wake alikuwa na homa, alikuja amejifunga khanga kiunoni, na wanawake wengine nyuma yake.

"Toa hizo hirizi zako, Mama Minza! Toa kabla hatujakuitia watu!"

Nilijificha nyuma ya jiwe. Siku zile maneno kama yale yalikuwa yanaweza kumhamisha mtu, au kumfanyia mabaya zaidi ya hapo. Mama hakupandisha sauti. Akachomoa kopo la grisi, akaliweka mbele yao.

"Ni dawa ya kutu ninayoitafuta, dada yangu. Kaniletee kisu chako cha samaki. Tukipake, tukitundike hapa na vyangu. Kama ni uchawi, basi tutakuwa tumeufanya wote."

 Kisha mwanamke mmoja akacheka, na Mama Kulwa, ambaye kisu chake kweli kilikuwa kimeoza kwa kutu, akaenda kukileta. Siku ile walirudi kwao, na tangu hapo walikuwa wanakuja kuangalia kamba yetu kuliko sisi.

Mafuta ya sangara yalikuwa ya kwanza kushindwa: paka waliyalamba, siafu wakamalizia. Ya kupikia yakageuka gundi yenye vumbi. Oili chafu ilionekana nzuri mpaka tulipoifuta, chini yake tukakuta vidoa. Ya cherehani yalikuwa safi siku za jua, lakini mvua ilipopiga yakaondoka nayo. Grisi ndiyo ilibaki. Mama akashukuru Mungu, akafuta kipande cha grisi kwa khanga yake, halafu akakisogeza karibu na macho.

Katikati ya chuma kilichong'aa palikuwa na kutu yenye mistari midogo ya mviringo, kama alama ya kidole kwenye karatasi. Akaniita. Akachukua kidole gumba changu, akakilaza juu yake. Kikaenea sawasawa.

"Jasho," akasema polepole. "Tunapaka mafuta juu ya jasho. Tunaifungia kutu humohumo ndani."

Nakumbuka alinishika mkono ule muda mrefu, akiutazama kama kitu alichokitafuta kwa siku nyingi.

Kuanzia siku ile alibeba chupa ndogo ya mafuta ya taa na vitambaa vikavu. Kabla ya kuikabidhi bunduki aliisafisha kwanza, akaikausha, ndipo akapaka: tone la mafuta mepesi kwenye bawaba na triga, grisi nyembamba nje na ndani ya mitutu. Akianza zamu aliifuta grisi yote ya ndani, maana risasi haitaki mafuta. Na mfuko wa turubai aliokuwa akiitilia bunduki, ambao ulihifadhi unyevu, akauacha.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilimpelekea chakula, nikasimama langoni. Afande Marwa akapitisha kitambaa chake. Akakinyanyua. Akakigeuza. Akapitisha tena kwenye mtutu wa pili, kwa nguvu, kama mtu anayetafuta ugomvi. Cheupe.

"Umepaka mafuta gani?"

"Nilianza na kitambaa, afande. Mafuta yalifuata."

Akamrudishia bunduki kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata alimwita awafundishe wenzake, na magwanda yale Mama aliyavaa mpaka mimi namaliza sekondari.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kama aliipenda ile bunduki. Akanitazama kama nimemuuliza kama anapenda nyoka.

"Niliiogopa kila siku. Niliomba Mungu nisiifyatue, na sikuifyatua."

Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Miezi ya mwisho kule kiwanda cha nguo, mafuta ya mashine yaliacha kuletwa. Walifuma hivyohivyo, chuma kikisaga chuma, na baadaye wakaambiwa mashine zimechakaa na wafanyakazi wamezidi.

"Nilikaa nikaisikia mashine yangu inakufa, Minza. Nilidhani yuko mtu anayelishughulikia."

Utotoni niliamini Mama alikuwa anaogopa kufukuzwa kazi. Kumbe alikuwa ameshafukuzwa mara moja, akajua mtu anaweza kuumaliza huo uchungu na kuendelea kuishi. Kukaa kimya akisubiri wengine ndiko alikokuwa amekataa kurudia.