Moshi wa Mama Salma

Harufu ya plastiki inayoungua hunikaba koo kabla sijajua inatoka wapi. Wiki iliyopita ilinikuta Engutoto, nikisubiri nguo kwa fundi, na papo hapo nikawa na miaka tisa tena, nyuma ya nyumba yetu kule Kwa Mrombo, nimeshika kijiti, nachochea taka.

Kuchoma taka ilikuwa kazi yangu ya kila Jumamosi. Mifuko ya nailoni, maganda ya ndizi, ndala zilizokatika, vyote shimoni. Niliipenda kazi ile, maana nailoni ikiwaka ilidondosha matone ya moto yanayolia vuu, vuu, na hakuna mtu mzima aliyenisumbua.

Mwaka huo mdogo wangu Neema alianza kubanwa na kifua. Kikohozi chake kilikuwa kikavu na kirefu, na kikimwachia alibaki ameinama, mabega yakipanda na kushuka. Daktari alisema ni pumu, mtoto akae mbali na moshi. Mama alirudi nyumbani akiwa ameshapata wa kulaumu.

Jirani yetu Mama Salma, mtu wa Kondoa, alikaanga vitumbua kwa kuni mlangoni kwake kila asubuhi, na moshi wake uliingia moja kwa moja dirishani kwetu. Alikuwa mpole. Nikimwamkia shikamoo, alinipa kitumbua kilichoungua pembeni. Mama alimfuata mara moja, mara mbili, kisha akamfikisha kwa mjumbe wa mtaa. Nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya khanga ya mama.

"Mwanangu atanifia kwa vitumbua vyako," mama alisema.

Mama Salma alitazama chini. "Basi nitazima."

Akazima kweli. Wateja wake wakahamia kwa mwingine. Mimi nikaendelea na shimo langu, na mama akaendelea kupikia jiko la mkaa chumbani, kwa sababu nje, alisema, kuna vumbi.

Kiangazi kikakolea. Asubuhi moja Mlima Meru haukuonekana, na haukuwa umefichwa na mawingu. Anga yote ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na nguo tulizoanua kambani zilinuka moshi. Neema alikohoa siku tatu mfululizo, hata uji haukupita. Siku ya nne akaja baba mdogo, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa ukoo huko Simanjiro. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema nyika ya huko inaungua tangu wiki iliyopita.

"Moshi huu ni wa kwetu, shemeji," alisema akinawa uso. "Nimeuacha nyuma, nimeukuta hapa."

Mama alimtazama Neema, akalitazama jiko, akalibeba na kulitoa nje. Kisha akanishika mkono tukaenda kwa Mama Salma.

"Nilikuonea," alisema akiwa bado kizingitini.

"Si sana," Mama Salma alijibu. "Moshi wangu ulikuwepo. Na wako ulikuwepo, Mama Naomi. Hata wa huyu Naomi wako. Kila Jumamosi nilikuwa nafunga madirisha."

Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyenigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Tulikaribishwa chai, tukanywa. Lakini Mama Salma hakuwasha tena moto wa biashara, na kabla ya mwaka kwisha alirudi Kondoa.

Neema sasa anaishi Olasiti, ana watoto wawili, na dawa yake ya kuvuta haitoki mkobani. Kila kiangazi hunipigia simu kuniuliza kama kwangu mlima unaonekana. Mara nyingi namjibu hauonekani, kisha tunazungumza mengine.

Utotoni niliamini hewa mbaya ina mwenyewe, na akipatikana akazima, kifua cha mdogo wangu kitafunguka. Nilichelewa kuelewa kwamba siku ile kwa mjumbe mama yangu alikuwa amechoka kuogopa, akatafuta mtu wa karibu. Nyika ya Simanjiro haina mlango wa kubisha. Mama Salma alikuwa nao.