Beseni la Kaunta Namba Tatu

Beseni lenyewe ni la plastiki, la rangi ya buluu, la kutosha viganja viwili vya mtu mzima. Mutheu Munyoki alilinunua sokoni Voi, akaliweka chini ya kaunta namba tatu katika ofisi ya kampuni kubwa ya bima ya afya, kando ya viatu vyake vya kubadilisha na chupa ya chai. Ndani ya chupa hiyo hamkuwa na chai. Mlikuwa na maji moto.

Wazazi wake walitoka Mwingi wakaja Voi kuuza mitumba, naye alizaliwa na kukulia nyuma ya kibanda chao. Mamake alimfundisha kwamba mteja hajulikani kwa uso. Mtazame mkono unavyoshika nguo, ndipo utajua kama amekuja kununua au amekuja kupumzika kivulini. Alipoajiriwa na kampuni akiwa na miaka ishirini na sita, aliingia na elimu hiyo. Alikaa kaunta ileile miaka kumi na mitano.

Nimesimama mbele ya kaunta nyingi duniani. Marseille nilikemewa, Muscat nikapewa kahawa, Lubumbashi nikaambiwa nirudi kesho kwa siku nane. Kila mara niliondoka nikisema, kampuni ile ni mbaya, au kampuni ile ni nzuri, na sikuwa nimeiona kampuni yoyote. Nilikuwa nimeona mtu mmoja. Mzee Nyongesa, mteja wa kaunta namba tatu, naye alikuwa akisema kampuni yake ya bima ni nzuri kuliko zote Kenya. Alimaanisha Mutheu.

Nyongesa alikata mkonge kwenye mashamba ya nje ya Voi miaka thelathini na miwili. Alikuja kutoka Kimilili akiwa kijana, akamwoa Khalayi, binti wa mfanyakazi wa reli, nao wakazeekea hapo. Figo za Khalayi zilipokufa, alianza kusafishwa damu hospitalini kila Jumanne na Ijumaa. Bima ilikuwa kwa jina la mumewe. Kanuni ya kampuni ilisema kila Jumatatu mwenye bima afike ofisini, aweke kidole kwenye mashine, mashine imtambue, ndipo kibali cha wiki kitoke. Bila kidole hakuna kibali, na bila kibali Khalayi hakuunganishwa kwenye mashine ya damu.

Siku ya kwanza Nyongesa aliweka kidole gumba. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka cha shahada. Nyekundu tena.

"Mzee," Mutheu alimwambia, "umekuja na vidole au umekuja na vijiko?"

"Hivi vimekata mkonge, binti yangu. Utomvu umevila. Alama zangu ziko kwenye magunia na kamba zenu. Mkazitafute huko."

Mashine ilikuwa inafunga faili la mteja baada ya makosa matatu. Mutheu hakumruhusu aweke cha tatu. Alimwambia aweke mikono yote miwili juu ya kaunta, akaitazama kama mamake alivyomfundisha. Vidole vilikuwa vimelainika kama sabuni iliyokaribia kuisha. Isipokuwa kimoja. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikuwa kimejikunja kuelekea kiganjani.

"Hiki kina nini?"

"Kilivunjika nikiwa kijana. Toroli ya mkonge. Tangu hapo hakijafanya kazi. Mvivu tu, kinakula bure."

Kidole kilichokwepa kazi ndicho kilichobaki na alama. Tatizo ni kwamba hakikunyooka, kwa hiyo ncha tu ndiyo iliyogusa kioo. Mutheu alikwenda jikoni mwa ofisi, akarudi na maji moto kwenye sufuria ya chai, akauloweka mkono wa mzee. Akaukausha kwa leso yake, akapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe kwenye kifundo, akakikanda kidole taratibu mpaka kikalala chote juu ya kioo. Akakisajili hicho. Taa ikawa ya kijani.

"Unakamua nini sasa?" Nyongesa akamuuliza. "Mimi si ng'ombe."

"Nyamaza baba, usije ukatupiga teke."

Siku iliyofuata alinunua beseni. Tangu hapo, wiki mia moja na nne, Jumatatu saa tatu asubuhi, mzee alifika na salamu yake ya Kiluhya, mulembe, akaloweka mkono, wakataniana kuhusu mahindi ya muthokoi ya Wakamba na kuku wa Waluhya, kidole kikanyooka, kibali kikatoka. Wakati mwingine Khalayi alikuja naye. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alipimiwa maji ya kunywa: vikombe viwili kwa siku, katika joto la Voi. Alilitazama lile beseni akasema, "Mikono ya huyu mzee inakunywa kuliko mimi." Mutheu alicheka, kisha akajisikia vibaya, kisha Khalayi mwenyewe akacheka.

Wazee wengine wa mkonge wakasikia. Kuna aliyehitaji maji moto, kuna aliyehitaji kukaa tu mpaka jasho likauke, kuna mama mmoja wa Rukanga ambaye kidole chake kilisoma akikisugua kwanza kwenye nywele. Mutheu alijua kila mmoja na dawa yake. Pamoja na Nyongesa walikuwa kumi na watano.

Kwenye droo ya kaunta kulikuwa na fomu ya msamaha. Mteja ambaye vidole vyake havisomeki angejaziwa fomu hiyo, makao makuu wangeipitisha baada ya kama mwezi, na kuanzia hapo angetumia kitambulisho na sahihi. Mutheu hakuwahi kumjazia hata mmoja.

"Ningejaza ya nini?" aliniambia. "Fomu inataka uandike mashine imemkataa. Na mashine ilikuwa inawakubali. Mimi nilikuwa nawafanya wakubaliwe."

Kisha kampuni ikaweka saa kwenye skrini za wahudumu. Kila mteja dakika sita, zikipita saa inageuka nyekundu. Wastani wa Mutheu ulikuwa dakika kumi na moja. Meneja wa tawi, Elsie, mwanamke wa haki ambaye naye alikuwa na wakubwa wake, alimwita mara mbili.

"Mutheu, hizi dakika unazipeleka wapi?"

"Kwa wateja, madam."

"Wenzako pia wana wateja."

Hakumweleza. Alidhani akitaja beseni ataambiwa aliondoe. Baada ya onyo la pili alipewa barua: anahamishiwa ofisi ndogo ya Taveta, kuanzia Jumatatu. Kaunta namba tatu angeachiwa Donald, kijana mpole aliyetoka tawi la Mombasa.

Ijumaa ile alimkabidhi Donald funguo, mihuri, na siri ya droo inayokwama. Donald aliandika kila kitu kwenye daftari. Akauliza, "Kuna kingine, dada?" Mutheu alikuwa tayari amelitia beseni kwenye mfuko wake.

"Hapana. Hayo tu."

Nilimuuliza kwa nini. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba anayopanga Mahoo, huko Taveta, migomba ya jirani ikitupa kivuli. Kwanza alisema aliogopa Donald atamwambia Elsie. Halafu akasema hiyo si kweli yote. "Nilikuwa na uchungu. Miaka kumi na mitano, wakanihamisha kwa sababu ya saa. Nikasema, acha waone kazi yangu ilikuwa nini."

Walioiona hawakuwa wao.

Jumatatu Nyongesa alimkuta Donald. Donald alimsalimu vizuri, akaona kwenye skrini kwamba mteja huyu hutumia kidole cha pete cha kushoto, akakibonyeza juu ya kioo. Ncha ikagusa. Nyekundu. Mzee akasema yule binti hutumia maji. Donald alidhani anazungumzia kunawa, akampa kitambaa chenye dawa ya kusafishia mikono, ile ya baridi. Nyekundu. Mara ya tatu faili likajifunga, na saa ya Donald ilikuwa bado haijafika dakika nne.

Hakuwa mtu mbaya. Alijaza fomu ya msamaha palepale, akaituma makao makuu na kuandika kwamba mgonjwa anasafishwa damu. Jibu lilikuja siku ya pili. Mtu aliyeisoma fomu Nairobi alikuwa na kumbukumbu mbele yake, na kumbukumbu zilisema kidole cha mteja huyu kimesoma wiki mia moja na nne mfululizo bila kosa. Leo kinakataa, na siku hiyohiyo mhudumu ni mpya. Kwa kampuni hiyo ilikuwa dalili kwamba aliyeleta kidole si mwenye bima. Wakaagiza faili libaki limefungwa na mkaguzi afike Voi ndani ya siku kumi na nne.

Hospitalini, wauguzi walimwingiza Khalayi mara moja tu, Ijumaa, kwenye nafasi ya mgonjwa ambaye hakufika. Wiki iliyofuata wagonjwa wote walifika.

Nyongesa alimpata Mutheu siku ya nane. Namba yake alipewa na askari wa mlangoni. Hakulalamika. "Binti yangu," alisema, "hiki kidole kimeanza tena ujeuri. Ukipita huku, kipitie."

Mutheu alimpigia Donald akamwambia yote: maji, mafuta, kifundo.

"Dada, nilikuuliza kama kuna kingine."

"Najua."

"Faili limefungwa. Hata ukija na beseni, mashine haitaki kidole chochote sasa."

Akampigia Elsie. Elsie alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe dakika zilikuwa zinaenda huko," akakata, akapiga simu Nairobi mchana kutwa. Alihamishwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, kila mmoja akisoma kumbukumbu zilezile. Alimwomba Mutheu aandike maelezo. Mutheu akaandika kurasa mbili, kwamba vidole havikuwahi kuwa vizima, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akivifanya visome. Nairobi wakayapokea maelezo hayo kama jambo jingine la kuchunguza.

Miguu ya Khalayi ilivimba, halafu uso. Siku ya kumi alishindwa kulala chali kwa sababu ya pumzi. Nyongesa alimkalisha akiegemea kifua chake. Alimwomba mumewe kikombe cha tatu cha maji, naye akampa. Alikufa siku ya kumi na moja, asubuhi, kabla ya chai.

Mkaguzi alifika siku ya kumi na tatu. Alikuwa mtu makini. Aliomba kuonyeshwa ofisi, akapiga picha za kaunta, akaandika kwamba faili lifunguliwe.

Walimsafirisha Khalayi, wakamzika Kimilili. Nyongesa alirudi Voi peke yake, kwa kuwa hakujua pengine pa kuishi. Ikawa kila Jumatatu saa mbili simu yake inalia: Mpendwa mteja, tunakukumbusha kuchukua kibali cha wiki cha Khalayi. Afya yake ni furaha yetu. Wiki ya kwanza aliivumilia. Wiki ya tatu akaenda kwa Donald kuomba ujumbe ukome. Donald akatazama skrini, akaitazama tena. Ili jina la mgonjwa liondolewe, mwenye bima alitakiwa aweke kidole.

Donald hakumgusa. Alimwomba mzee aketi, akatoka nje, akampigia Mutheu.

Mutheu alifika kesho yake kwa basi la asubuhi kutoka Taveta, beseni likiwa kwenye mfuko. Elsie alimfungulia mlango mwenyewe na kumwachia kiti cha kaunta namba tatu. Nyongesa alikuwa amerudi, na Donald alikuwa tayari amechemsha maji.

"Mulembe, baba."

"Mulembe, binti yangu. Umekonda. Taveta hakuna chakula?"

"Kuna ndizi tu."

"Nilijua."

Akaweka mkono majini. Saa kwenye skrini ikafika dakika sita ikageuka nyekundu, na Elsie, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akaifunika kwa karatasi. Mutheu akaukausha mkono, akapaka mafuta, akakanda kifundo mpaka kidole kikalala. Taa ikawa ya kijani mara ya kwanza tu. Nyongesa aliitazama taa hiyo kwa muda mrefu.

"Kinasoma," alisema.

"Kinasoma, baba."

Donald akabonyeza alichotakiwa kubonyeza. Jina la Khalayi likatoka.

Mutheu alivuta ile droo inayokwama, akatoa fungu la fomu za msamaha. Akaanza kujaza kutoka kichwani: mama wa Rukanga, mzee wa kungoja jasho likauke, mmoja baada ya mwingine. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika, kwa kila mmoja, kwamba mashine haimsomi na haijawahi kumsoma. Donald alikuwa akizipokea na kuzipiga muhuri. Zilikuwa kumi na nne.

Nyongesa alikuwa amerudisha mkono ndani ya beseni, ingawa maji yalikuwa yameanza kupoa.

"Na yangu," alisema.

Mutheu hakuinua macho. "Yako ya nini tena, baba?"

"Andika tu. Mimi pia nitaugua siku moja, na wewe uko Taveta."